Fani Moja, Imani Mbili: Mazungumzo ya Dini katika Tafsiri, Utenzi na Ngonjera

Uhakiki wa ushairi wa Kiswahili umetumia muda mrefu kubishana juu ya swali moja la dini: je, ushairi huu ni wa Kiislamu au sio? Jan Knappert, katika kitabu chake cha 1967, Traditional Swahili Poetry, aliusoma utenzi kama ghala la itikadi za Uislamu wa Afrika Mashariki. Wahakiki wenyeji hawakukaa kimya. Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu (1988), alisisitiza kwamba tungo hizi ni zao la Waswahili wenyewe na wala si nakala za Kiarabu. Mjadala huo ulikuwa na faida yake, hasa pale ulipowarudishia Waswahili haki ya kumiliki kilicho chao. Hata hivyo, pande zote mbili zilikuwa zikiuliza mwenye nyumba ni nani. Swali la wageni waliopata kuingia, waliowakaribisha, na maneno waliyosemezana humo ndani, halikuulizwa kwa uzito unaostahili.

Makala haya yanalichukua swali hilo la pili. Yanashikilia kwamba mazungumzo yenye uzito zaidi kati ya Waislamu na Wakristo katika lugha ya Kiswahili yamefanyika pale ambapo watu wa imani mbili walilazimika kuitumia fani moja, yaani msamiati mmoja, bahari moja, utaratibu mmoja wa kusimulia. Fani hiyo ya pamoja haikuiondoa hitilafu yao. Iliifanya isomeke. Na palipotungwa kazi kwa nia ya makusudi ya kuimaliza hitilafu hiyo kabla ya ubeti wa mwisho, mara nyingi mazungumzo yenyewe ndiyo yaliyokufa.

Mfano wa mwanzo ni wa Mombasa. Mnamo 1844, miezi michache tu baada ya kufika pwani, mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alianza kukifasiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Aliyemsaidia alikuwa Kadhi wa mji, Ali bin Mohidin. Sura za awali za kazi hiyo zilichapishwa Marekani mwaka 1847 katika jarida la wataalamu wa taaluma za Mashariki. Jambo hili hutajwa katika vitabu vya historia ya lugha kama tarehe tu, nalo lastahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Hakimu wa sheria ya Kiislamu aliketi na mhubiri wa Injili wakatafuta pamoja maneno ya kueleza kuumbwa kwa mbingu na nchi. Kisa hicho hakikuwa kigeni kwa kadhi. Adamu alimjua, Nuhu alimjua, Ibrahimu alimjua. Lililokuwa geni ni mpangilio wa kisa katika kitabu cha Krapf.

Athari ya mwanzo huo inaonekana hadi leo katika majina. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili, kwa mfano ile ya Muungano iliyokamilika mwaka 1952, anawakuta Hawa, Nuhu, Ibrahimu, Yusufu, Musa, Haruni, Daudi na Ayubu. Hayo ndiyo majina, au yanakaribia sana kuwa ndiyo, ambayo mtoto wa chuoni Lamu angeyatambua bila kufafanuliwa. Akiifikia Agano Jipya hali inabadilika. Isa hayumo, yumo Yesu. Yahya hayumo, yumo Yohana. Wafasiri wangeweza kuendelea na majina ya pwani hadi mwisho kama walivyoanza, na hawakufanya hivyo. Mahali hasa ambapo imani hizi mbili zinaachana ndipo majina nayo yanapoachana. Mhakiki wa mtindo hahitaji risala ya teolojia ili kuuona mpaka huo, kwa kuwa umechorwa katika uteuzi wa nomino za pekee. Msamiati uliobaki, hata hivyo, uliendelea kuwa wa pamoja: imani, dhambi, roho, ibada, sadaka, nabii, malaika, zaburi, hata msalaba na kanisa, ambayo kwa asili ni maneno ya Kiarabu.

Kisa cha Unguja kina mafunzo zaidi. Dkt. Edward Steere wa misheni ya UMCA, aliyefika kisiwani mwaka 1864 na ambaye baadaye alikuwa askofu, alieleza katika utangulizi wa kitabu chake cha sarufi cha 1870 jinsi Sheikh Abdul Aziz alivyojitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili safi. Sheikh huyo ni Abdul Aziz al-Amawi, mzaliwa wa Barawa, kadhi na mwanachuoni aliyefariki mwaka 1896. Kazi haikwisha. Shughuli za Sheikh zilikuwa nyingi, na Steere aliona kwamba lugha yake ilikuwa ya kisomi kupita kiasi kwa makusudi ya misheni. Tafsiri ilisimama kwenye Zaburi ya 60.

Kuna mambo mawili ya kutazamwa hapa. La kwanza ni kujitolea kwenyewe. Zaburi ni kitabu ambacho Uislamu pia unakitambua kuwa aliteremshiwa Daudi. Sheikh aliyekubali kukifasiri hakuwa anatoka nje ya imani yake. Alikuwa ameshika mahali ambapo vitabu viwili vinapakana. Wala hakuna dalili katika maelezo ya Steere kwamba mmoja wao alitakiwa kwanza kukiri jambo lolote ndipo kalamu iwekwe wino. La pili ni sababu ya kukoma. Wanafunzi wa mwanzo wa Steere walikuwa hasa watoto waliokombolewa utumwani, wengi wao wenye asili za bara, ambao Kiswahili chenyewe walikuwa wakijifunza. Lugha ya kasida na fikihi isingewafikia. Hivyo mazungumzo ya wasomi wawili, kila mmoja akimheshimu mwenzake, yalikwama kwa sababu ya mtu wa tatu ambaye hakuwapo barazani. Steere alimchagua huyo mtu wa tatu, na ni vigumu kumlaumu. Fasihi ilipata hasara, maana Zaburi ni mashairi, na nathari nyepesi iliyokuja kutumika haikuwa na mwangwi ambao mkono wa mwanachuoni wa Barawa ungeweza kuutia. Lakini swali la nani anayeachwa nje wakati viongozi wa dini wanapoelewana halijazeeka tangu 1870.

Mombasa tena, mwishoni mwa karne hiyo, William Taylor (1856–1927) wa misheni ya CMS alishirikiana na Mwalimu Sikujua bin Abdallah katika kukusanya na kufafanua mashairi ya Muyaka bin Haji. Mkusanyo huo ndio msingi wa Diwani ya Muyaka iliyotolewa na William Hichens mwaka 1940, na bila huo, uhakiki wote uliofuata, pamoja na kazi kubwa ya Mohamed Hassan Abdulaziz (1979), ungekuwa maskini. Ushahidi wa ushirikiano huu uko katika matokeo: mmisionari aliyekuja kuhubiri alitumia miaka akijifunza kwa mwalimu Mwislamu maana za maneno ya mshairi Mwislamu aliyekuwa amekwisha kufa. Katika kazi hiyo mmisionari ndiye aliyekuwa mwanafunzi.

Si kila tafsiri iliyotoka katika mikutano hii ilikuwa na moyo huo. Mwaka 1923 Kasisi Godfrey Dale wa UMCA alitoa tafsiri ya kwanza kamili ya Kurani kwa Kiswahili. Jina la kitabu liliahidi dibaji na maelezo machache. Maelezo hayo machache yalijaza zaidi ya kurasa 100, na mengi yake yaliandikwa ili kumpa mwalimu Mkristo silaha za kubishana. Kwa mtazamo wa fani, kitabu cha Dale kina sauti mbili zisizosikilizana: juu inasema matini, nyuma yake anasema mpingaji wa matini. Waislamu walikiona kuwa ni kitabu cha mtu aliyeingia nyumbani mwao ili ahesabu nyufa. Majibu yao nayo yalikuwa tafsiri. Ya jumuiya ya Ahmadiyya ilitoka Nairobi mwaka 1953, chini ya uongozi wa Sheikh Mubarak Ahmad. Ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, Kadhi Mkuu wa Kenya wakati huo, ilitoka hapo hapo Nairobi mwaka 1969, na haikuwapinga wamisionari pekee. Iliwapinga Maahmadiyya pia. Kwa hiyo Dale, pasipo kukusudia, alichochea utamaduni wa kufasiri ambao umewafaa wasomaji Waislamu kuliko alivyowafaa wanafunzi wake. Ubishi nao huzaa vitabu. Mhakiki hana haja ya kuuonea haya, mradi asiuite mazungumzo.

Jaribio la Karl Roehl linapaswa kutajwa kwa ufupi. Katika Biblia yake ya 1937 mmisionari huyu Mjerumani alitaka kuyapunguza maneno yenye asili ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu mahali pake, akiamini kwamba Kiswahili cha Wakristo kisingekuwa huru mpaka kioshwe. Haikushika. Biblia ya Muungano ilipokamilika, maneno mengi aliyoyatoa yalikuwa yamerudi vitini mwao. Waumini walikwisha kuzoea kusali kwa maneno ya jirani zao, na hawakuona dosari yoyote ndani yake.

Kutoka hapo mjadala unahamia bara, kwani mfano mkubwa kuliko yote katika suala hili hakutoka pwani. Mathias Mnyampala alizaliwa Ihumwa, karibu na Dodoma, mwaka 1917. Alikuwa Mgogo na Mkatoliki, mwalimu na baadaye mtumishi wa mahakama, na aliwahi kuongoza chama cha UKUTA kilichowakusanya washairi na wapenzi wa Kiswahili wa Tanzania. Alifariki mwaka 1969. Vitabu vya nadharia humtaja kwa ngonjera zake, na hizo zitarejewa hapa chini. Kazi zake mbili ambazo hazitajwi sana ni Utenzi wa Enjili Takatifu (1963) na Utenzi wa Zaburi (1965), zote zilizotolewa na wachapaji wa misheni ya Wabenediktini wa Ndanda.

Uzito wa alilolifanya hauonekani mpaka ikumbukwe fani aliyoichagua ilikuwa imebeba nini kabla yake. Utenzi wa kale wenye tarehe inayojulikana vyema ni Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Mwengo wa Athumani mwaka 1728. Maudhui yake ni vita vya Waislamu na Herekali, mfalme Mkristo wa Rumi ya Mashariki. Huanza kwa barua: Mtume anamwalika mfalme aingie katika Uislamu, naye anakataa. Kwa maneno mengine, fani ambayo Mnyampala aliichukua kusimulia maisha ya Yesu ilikuwa imesimulia, tangu ujana wake wa maandishi, kushindwa kwa Wakristo. Mizani 8 katika kila kipande, vipande vinne, vitatu vya mwanzo vikiwa na kina kimoja na cha nne kikirudia kina kile kile ubeti hadi ubeti: mashine hii ya kusimulia ilitengenezwa na kunolewa na wanavyuoni wa Kiislamu. Ilikuwa na mazoea yake ya kumtaja Mungu kabla ya jambo lolote, ya mtunzi kujidhili, ya kuwaomba wasikilizaji watulie. Mshairi aingiaye humo huikuta milango imekwisha kuwekwa, naye hana budi kupita ilipo.

Mnyampala alipita. Katika kuchagua anwani peke yake amefanya jambo la ajabu, kwa sababu Enjili na Zaburi ni majina ambayo Mwislamu anayakubali. Kwa Mwislamu, Injili ni kitabu alichopewa Isa. Kwa Mkristo, ni habari za Yesu mwenyewe, pamoja na kufa na kufufuka kwake. Neno ni moja, na vitu viwili vinaitwa kwa neno hilo. Msomaji wa pwani anayekishika kitabu hicho anaisoma anwani kwa kujiamini, kisha anaingia ndani akakuta kisa ambacho Sura ya An-Nisaa inamwambia hakikutokea hivyo. Katika kijitabu cha misheni, mahali pa msalaba ni mahali pa hoja: msomaji anasukumwa akubali au akatae papo hapo. Utenzi hauna namna hiyo ya kusukuma. Unasimulia. Kipande cha nne kinarudi na kina chake, kisa kinaendelea, na msikilizaji anaweza kukifuata mpaka mwisho kama afuatavyo kisa chochote kilichopokewa na watu wengine, bila kuulizwa katika kila ubeti kama amesadiki. Fani imempa nafasi ya kukaa ndani ya imani ya jirani kwa muda wa kisa, kisha akatoka na yake.

Ipo hoja ya kupinga usomaji huu, nayo ina nguvu. Yaweza kusemwa kwamba Mnyampala alikuwa akihubiri tu, na kwamba aliuchukua utenzi kama Tenzi za Rohoni zilivyolichukua jina la tenzi, yaani kwa kuwa lilikuwa chombo kilichopo mkononi. Wapo pia walioona kitendo hicho kama unyang'anyi wa mali ya wenyewe. Ni kweli kwamba vitabu hivyo vilitoka katika kiwanda cha kanisa na vililengwa kwa waumini. Lakini mtu anayetaka kuhubiri tu hana haja ya kuzipitia kanuni za arudhi kwa uaminifu kama ule. Nathari ingemtosha, au wimbo wa kigeni uliotiwa maneno ya Kiswahili, kama nyimbo nyingi za ibada zilivyo. Kushika kanuni ngumu za wengine na kukubali kuhukumiwa nazo ni heshima ambayo mhubiri asiyewajali wenyeji hawezi kuivumilia kwa maelfu ya mizani.

Kuhusu kanuni hizo, yafaa ikumbukwe nani alizieneza bara. Kitabu kilichowafunza washairi wa kizazi cha Mnyampala ni Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, cha Kaluta Amri Abedi (1954), mzaliwa wa Ujiji, mhubiri wa Ahmadiyya, baadaye Meya wa Dar es Salaam na Waziri wa Sheria, aliyefariki mwaka 1964. Yeye alishiriki pia katika ile tafsiri ya Kurani ya 1953 ambayo Sheikh al-Farsy na Waislamu wengi waliikataa. Mafunzo ya vina na mizani ya mtu huyo, ambaye jumuiya yake ilikuwa katika ubishi na Waislamu wenzake kwa upande mmoja na Wakristo kwa upande mwingine, yalipokewa na washairi wa pande zote. Kurasa za mashairi katika magazeti, kuanzia Mambo Leo ya 1923 na kuendelea, zilikuwa uwanja wa namna hiyo hiyo. Humo mshairi alikosolewa kwa urari wa mizani kabla hajaulizwa anasali wapi. Huenda hakuna sherehe ya pamoja ya dini mbalimbali Afrika Mashariki iliyodumu kwa muda mrefu kuliko ukurasa huo, ingawa hakuna aliyeuita kwa jina hilo.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967 Mnyampala aligeukia ngonjera, na hapa hukumu lazima ibadilike. Ngonjera, kama alivyoiunda na kama ilivyochapishwa katika Ngonjera za UKUTA (1970–1971), ni mashairi ya kujibizana yanayotambwa jukwaani na pande mbili. Kwa jina na kwa sura, hii ndiyo fani ya mazungumzo kuliko zote. Muundo wake wa kawaida, hata hivyo, humweka mjinga upande mmoja na mwerevu upande wa pili. Mjinga huuliza, mwerevu hufundisha, na mwishoni mjinga hushukuru kwa kuelimishwa. Anayezungumza kwa kweli ni mmoja. Mwenzake amekodiwa. Kwa kueneza siasa ya kilimo au ya elimu ya watu wazima mtindo huo ulifaa, nao haukuficha kusudi lake.

Tatizo limekuja pale muundo huu ulipohamishiwa mambo ya dini. Ngonjera na maigizo mafupi yanayotungwa kwa ajili ya sherehe za shule na mikutano ya upatanisho nchini Kenya yana sura inayotabirika. Anatokea mwenye jina la Kiislamu, anatokea mwenye jina la Kikristo, wanagombana kwa beti tatu au nne, kisha mzee au mwalimu anawakumbusha kwamba Mungu ni mmoja, nao wanakumbatiana watu wakipiga makofi. Kusudi ni jema. Kifasihi ni kazi dhaifu, na udhaifu wake si wa lugha peke yake. Hakuna hata mmoja wa wahusika hao aliyesema jambo ambalo imani yake inalisema. Mwislamu hakutaja tauhidi, Mkristo hakutaja msalaba. Wote wawili wamefanywa kuwa watu wa dini ya tatu, isiyo na kitabu, ambayo muumini wake pekee ni mtunzi. Mtazamaji anayetoka ukumbini hajajua lolote juu ya jirani yake ambalo hakulijua alipoingia.

Ushairi wa pwani ulikuwa na namna nyingine ya kujibizana, iliyotangulia ngonjera kwa zaidi ya miaka 150. Katika uhasama wa Mombasa na Lamu wa miaka ya 1810, uliofikia kilele chake katika vita vya Shela, Muyaka wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walirushiana mashairi. Wote walikuwa Waislamu, kwa hiyo dini haikuwa hoja yao. Linalohusika hapa ni adabu ya fani. Kwa desturi ya malumbano hayo, ajibuye huingia katika bahari ya mwenzake, huchukua fumbo lake na kulifumbua kabla ya kufumba lake. Hawezi kujibu asichokielewa, na hadhira yenye sikio itamcheka akijaribu. Hakuna anayelazimika kushindwa katika ubeti wa mwisho. Shairi la adui huhifadhiwa, hukaririwa, na wakati mwingine husifiwa na wale wale lililokusudiwa kuwachoma. Mtunzi wa leo anayetaka kuandika juu ya dini mbili angepata kwa Muyaka kielelezo kigumu zaidi na chenye heshima zaidi kuliko kile cha ngonjera.

Kati ya ngonjera isiyogusa matini ya mtu na malumbano yanayoidai, imekuwapo pia mihadhara ya hadhara iliyoenea Tanzania na Kenya tangu miaka ya 1980, ambamo wahubiri wa Kiislamu walisimama na Biblia mkononi na wahubiri wa Kikristo na Kurani. Ingedhaniwa kwamba hapa, angalau, kitabu cha mwenzako kinasomwa. Kinasomwa, lakini kwa jinsi Dale alivyosoma: aya moja moja, iliyong'olewa penye ubeti wake kama jiwe ling'olewavyo ukutani ili lirushwe. Mtu anaweza kukariri aya mia za kitabu cha jirani kwa namna hiyo na asijue kimeanzaje wala kinaishaje.

Kwamba suala hili halihusu madarasa ya fasihi pekee lilidhihirika Kenya kwa namna ya kutisha. Katika shambulio la basi la Mandera la Novemba 2014, ambapo watu 28 waliuawa, abiria walitenganishwa kwa kutakiwa wasome maneno ya dini ya Kiislamu. Matini inayokaririwa iligeuzwa kuwa mizani ya nani aishi. Desemba 2015, karibu na El Wak, basi jingine liliposhambuliwa, abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na wenzao Wakristo, na wanawake waliwafunika kwa mitandio yao. Mwalimu mmoja Mwislamu aliyejeruhiwa hapo alifariki Januari 2016.

Tukio hilo la pili ndilo msingi wa filamu fupi ya Watu Wote (2017) ya mwongozaji Mjerumani Katja Benrath, iliyoteuliwa kugombea tuzo ya Oscar mwaka 2018 na ambayo sehemu kubwa ya mazungumzo yake ni kwa Kiswahili. Filamu ingeweza kwa urahisi kuwa ngonjera. Jua, mhusika mkuu, ni Mkristo anayesafiri kati ya Waislamu akiwa na uchungu na woga, na mtunzi angeweza kumfanya mjinga wa kuelimishwa. Filamu haikumvua uchungu wake ili ilipe nafasi funzo. Hatari inapofika, maneno yanapungua, na kitambaa cha kichwani kinafanya kazi. Yaweza kulaumiwa kwa jinsi inavyowachora abiria Waislamu karibu wote kuwa wema, jambo ambalo huwanyima sehemu ya ubinadamu wao. Kwa kiwango cha filamu ya dakika ishirini na kitu, kosa hilo linavumilika kuliko lile la kumbato la jukwaani.

Idara za Kiswahili zimezoea kuufundisha Utendi wa Tambuka katika historia ya ushairi, na Mnyampala katika ngonjera, mihula miwili mbali. Kazi hizi zastahili kuwekwa pamoja: Tambuka, Utenzi wa Enjili Takatifu na Utenzi wa Zaburi, zisomwe kwa sauti katika chumba kimoja na wanafunzi wa dini zote zilizomo. Mwanafunzi Mkristo atakapofikia barua ya Herekali, atamkuta mfalme wa imani yake akipewa maneno na mtunzi wa Pate ambaye hakuwa upande wake, na itambidi aamue kama maneno hayo yametendewa haki. Mwanafunzi Mwislamu akifikia msalaba katika Enjili atakuwa na uamuzi wake, kuanzia lile dogo kabisa la mahadhi: je, ausome ubeti huo kwa sauti ile ile aliyozoea kusomea visa vya manabii, au aishushe? Na mwalimu, awe wa dini yoyote, atalazimika kusubiri asikie atakavyousoma.